Kitambaa Chenye Maji

Anastasie, mpishi wa misheni ya Bunia, alishazoea mambo ya mzee aliyekuwa mtumishi wa meza hapo. Kila mchana, kabla ya kupanga sahani za mapadri, hunyunyizia kitambaa cha meza maji, akakinyoosha kwa viganja vyake vipana huku akiimba wimbo wa kanisa, mdomo umefungwa. Ujanani alitumikia kwenye meli kubwa za abiria, kutoka Matadi hadi Ulaya. Huko bahari ikichafuka, vyombo huteleza juu ya kitambaa kikavu, lakini juu ya kilicholowa hutulia.

"Huku Bunia bahari iko wapi, papa?" Anastasie humtania.

"Mukono umezoea, mama," hujibu bila kuinua macho.

Mara moja tu alimtaja binti mmoja, mlezi wa watoto, aliyekuwa akisali naye melini kila asubuhi. Binti alishuka Antwerp, naye akabaki ameshika sinia, hakusema neno.

Jumamosi moja Anastasie alimwambia kwamba mwanamume wa Irumu amekuja kumposa, na kesho baada ya misa atampa jibu. Yule mtumishi alichukua kitambaa kidogo, akakilowesha, akakitandika kwenye meza ya jikoni ambayo haijawahi kutandikwa, akaweka juu yake kikombe cha Anastasie.

"Sipendi kikombe yako iende, mama," alisema, na safari hii alimtazama machoni.