Salamu Zilijaza Kioo

Programu ya kwanza ya barua za kompyuta niliyoiona mimi iliandikwa nyumbani kwangu Ibra, Omani, juu ya meza yangu ya cherehani. Mwanangu aliiazima meza hiyo kwa siku chache, alivyosema, nami nikazoea kushona chini mkekani.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa sanduku zito na kioo cheusi, maandishi ya kijani, hapana picha. Ya kwetu mwanangu akaitia waya wa simu. Ikipiga, inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Asubuhi mwanangu alikuwa kazini serikalini. Akirudi, akishakula, anakaa pale kuandika programu yake, maneno ambayo si Kiswahili wala si Kiarabu. Akinieleza, mimi naitikia tu. Nililofahamu ni kuwa barua tukiiandika hapa, mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, ofisi yenye kompyuta, ataipata siku hiyo hiyo, aichape karatasini, ampelekee mama yake Unguja.

Mama yake ndiye dada yangu mkubwa, na ndiye aliyebaki. Sisi tulipokuja Omani yeye alikuwa keshaolewa, akabaki na mumewe. Mama yetu tulikuwa naye hapa Ibra, mtu mzima sana, na haja yake ilikuwa moja: amwone binti yake kabla macho hayajazimika. Basi mwanangu alipomaliza kazi yake, barua ya kwanza ikawa ni hiyo: utakuja, tukutumie visa?

Kusoma kwangu ni Kurani chuoni na madarasa machache ya skuli. Kubonyeza herufi nilikuwa siwezi. Mimi nikasema, mwanangu akaandika. Nikaanza kama barua inavyoanza. Shikamoo kwa dada, kwa shemeji, watoto wao mmoja mmoja kwa jina, wakwe, jirani wa kulia na wa kushoto, mwalimu wetu wa chuo na wake zake, muuza urojo wa pale pembeni. Majina yao yote ninayo mpaka leo. Hapa siyaandiki, yanatosha ya siku ile.

"Mama, wamebaki wengi?"

"We andika. Huyo nikimruka atanuna mpaka kiama."

Kisha ndiyo nikatia swali la mama, mwisho, mahali pake.

Jibu likaja. Dada anatusalimu wote, wazima, alhamdulillahi. Juu ya kuja, kimya. Nikaandika tena, nikaandika na mara nyengine. Kila jibu, salamu tu. Mama akishaswali alasiri huniuliza, "Keshasema?" nami namjibu bado. Siku moja hakuuliza. Alisema, "Msimsumbue tena. Labda ana hasira nasi tuliomwacha," akageukia ukutani.

Nikamwambia mwanangu, chombo chako hebu kitazame, dada yangu namjua, hana moyo huo. Akamwomba mpwa wangu aturudishie barua yetu vile alivyoipata. Ikaja. Ilianza vizuri, ikaenda, ikafika kwa muuza urojo, ikakatika.

Mwanangu akajipiga kofi la kipaji cha uso. Ili simu isikae sana na kompyuta isijae, aliifunza programu kuwa barua ni kioo kimoja. Kinachozidi kinatupwa, na haisemi.

"Nani anaandika zaidi ya kioo kizima?" akauliza.

"Mimi," nikamwambia.

"Basi, mama, anza na swali. Salamu zije nyuma."

"Wewe ukenda kwa watu, unaomba kabla ya hodi?"

"Hii kompyuta, mama, si nyumba."

Bibi yake, tuliyedhani kalala, akadakia: "Hapa Ibra penyewe mgeni haulizwi habari mpaka keshakunywa kahawa. Leo sanduku ndilo litufunze adabu?"

Mwanangu akacheka, akarudi mezani. Siku zile kahawa yake ilikuwa ikipoa tu. Aliifunza programu kuikata barua ndefu vipande, kila kipande na nambari yake, na huko iendako ivingoje vyote vifike, ivipange. Akampa msafiri disketi ampelekee mpwa wangu, na yeye aitie kwake. Tukapeleka upya. Salamu zilijaza vioo viwili. Swali likakaa cha tatu, zima.

Jibu lilipoingia nalo lilikuwa vipande. Mwanangu akasema, "Neno lenyewe liko mwisho. Niende huko moja kwa moja?"

"Soma kwa utaratibu," akasema mama, akajiinua akakaa kitako.

Akasomewa. Kila salamu akaiitikia, huyu waalaykumu salaam, yule Mungu amweke, akauliza na huyu ni mtoto wa nani, na mimi nikamweleza huku nataka kumnyang'anya mwanangu ile kompyuta na kuiendesha sijui. Kikaja kipande cha mwisho.

"Mama, nakuja. Siku zote nilikuwa nangoja mniite, naona haya kujialika."

Mama hakulia. Aliagiza godoro la pili lipelekwe chumbani kwake, karibu na lake. Tukamwambia visa bado haijaombwa, dada hajafunga hata mzigo.

"Litandikeni," akasema. "Na shuka iwe ile mpya."