Mwendo Nilioiongezea Kompyuta ya Kwaya

Kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale ilikuwa na kompyuta moja, na daktari wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimehitimu kozi ya kompyuta katika shule ya jioni kule Mbarara, tena nikawa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa askari wa kambi ya jeshi ya hapo mjini, ambaye hadi leo anadai wa kwanza alikuwa yeye. Wa tatu hakuwepo. Wengine wote walikimbia kabla ya mtihani.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Mbarara, na uvivu wake haukuwa na mfano Afrika nzima. Ukiiwasha ungeweza kwenda kuteka maji, ukapanga foleni, ukagombana na watu kwenye bomba, ukapatana nao, ukarudi nyumbani na kukuta bado inaamka. Tuliiweka kwa mama mwimbishaji wetu, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na mabati na mlango wenye kufuli. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya kanisa, mchana tu, kwa waya uliopita nyuma ya vyoo.

Ndipo jina la yule mama likatokea kwenye ubao wa wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Yeye na binti zake wangesafiri kwenda Amerika, na basi la kuwachukua lingekuja Ijumaa. Sisi tulishangilia, tukaimba, tukala maharage yake yote. Yeye akanivuta pembeni.

"Mutoto yangu," akaniambia, "miye sitaki zawadi. Nataka sauti ya ule kijana tu."

Kijana wake mkubwa alikuwa akiimba besi kwenye kwaya. Homa ilimchukua mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo tuliwahi kuirekodi kwaya kwa kamera ya kukodi, na ile tepu baadaye ikatumiwa kurekodi harusi ya watu wengine, kama tepu zote zilivyotumiwa. Basi sauti ya yule kijana ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ile, katika wimbo mmoja tu, picha mbichi, nzito kuliko flashi zote za Nakivale, ikingoja kupikwa iwe filamu ya kuchezwa kwenye diski.

Kamati ya kwaya nayo ilikuwa na mawazo yake. Ilitaka nyimbo zote, maua yakidondoka kwenye skrini, na majina ya waimbaji yakiruka kama njiwa. Kwa mwendo wa kompyuta yetu, kazi hiyo ingekwisha wajukuu wa mama wamekwisha kuoa. Nikaamua kuiongezea mwendo.

Ujanja huo nilifundishwa na yule askari, aliyeutumia kambini ili michezo yake ya kompyuta isikwamekwame. Prosesa hutoka kiwandani imewekewa mwendo wake, kama lori. Unaingia kwenye ule ukurasa wa buluu unaotokea kabla mashine haijaamka vizuri, unaongeza tarakimu kidogo kidogo, na volteji kidogo ili isizimie, kisha unaiwashia programu ya kuitesa uone kama itavumilia. Nilifanya hayo yote. Niliiondolea kitambaa, nikakaa mbele yake asubuhi nzima ikiteswa, na haikutikisika. Ilikuwa inapaa. Nadhani siku hiyo Nakivale nzima haikuwa na kitu chenye kasi kuliko sisi wawili.

Nikaanza kupika filamu ya kamati, nikaenda kuchukua mgao wa chakula. Niliporudi na unga begani, kompyuta ilikuwa imezima.

Nikampigia askari simu.

"Profesa," akasema, "ilizima aje? Ilizima pole pole, ao ilizima kama mutu ya kupigwa risasi?"

"Kama ya kupigwa risasi, afande."

"Punguza mwendo kidogo. Guza kitu moja tu, halafu ngoja. Jasusi unakamata moja-moja, hapana kukamata kijiji mzima."

Nikapunguza mwendo kidogo. Nikaitesa tena nikiwa nimekaa pale pale: salama. Nikaanza kupika, nikaenda kula. Nikarudi: imezima. Nikaongeza volteji. Salama nikiwepo, imezima nikitoka. Nikachomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, kisha nikakirudisha na kuchomoa cha pili. Nikafungua feni, nikafuta vumbi jekundu la kutosha kujengea chumba. Nikaituhumu jenereta, nikamwomba mchungaji azime taa na redio yake, akazima, akakaa kwenye kiti chake akiniangalia kama ninayefukuza pepo wabaya. Haikusaidia. Mbele yangu ile kompyuta ilikuwa mtakatifu. Nikigeuka tu, inakufa.

Usidhani ilikuwa burudani. Kila jaribio lilikula nusu siku, na jenereta ikilala nasi tunalala. Mgongo uliniuma kama niliyebeba Mbarara nzima kuileta Nakivale. Macho yalikuwa mekundu hadi watu wakaanza kuuliza ninakunywa wapi. Nilifika mahali nikawa nasogeza tarakimu bila kukumbuka nimeanzia wapi, na huo ndio uchovu mbaya kuliko wote, wa kufanya kazi bila kujua unafanya nini.

Kisha Jumatano, baada ya kuzima tena, wimbo mmoja ukakataa kufunguka. Haukuwa ule wa kijana, ulikuwa mwingine. Faili ilikuwa imevunjika, kwa kuwa kompyuta ilikufa ikiwa na kazi mkononi. Nilifungua haraka ule wa kijana. Ulikuwa mzima. Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

"Iko?" akauliza.

"Iko, mama."

"Basi uichunge. Fasi ingine haiko."

Nilimpigia askari nikamweleza. Safari hii hakutania.

"Wewe natoka kila mara, nakuta imekufa," akasema. "Sasa hapana toka. Kaa hapo. Ona nani anaiua."

Basi nikaanzisha kazi upya kwa kutumia wimbo usio na thamani kwetu, nikavuta kiti, nikakaa. Mchana wa Nakivale chini ya mabati, feni inanguruma, nami sikuwa nimelala vizuri tangu Jumapili. Nikasinzia.

Niliamshwa na jasho. Nilikuwa nimefunikwa kitenge kuanzia kichwani, vizuri, kingo zimechomekwa chini ya mapaja kama mtoto mchanga. Nikakitoa usoni, nikaangalia mbele. Kompyuta nayo ilikuwa imefunikwa. Kile kitambaa chake cheupe, kilichoshonwa maua kwa mkono, kizito, kilikuwa kimevutwa kikafika mezani pande zote. Nikaweka mkono. Kilikuwa moto kama mkate. Chini yake kompyuta ilikuwa imezima.

Inabidi nieleze jinsi kitambaa kilivyoweza kunipita machoni siku zote hizo. Kwetu sisi wa Kivu kila kitu chumbani kina kitambaa chake: redio, meza, viti, hata ndoo ya maji. Mtu akikuachia kitu chake bila kukifunika, unamsema. Kila nilipoingia nilikiondoa bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia, na nilipotoka mama alikirudisha bila kufikiri. Ningeulizwa na hakimu kama kompyuta ile ilikuwa na kitambaa, nisingejua. Na alikuwa ameifunika hivyo tangu siku ya kwanza, nayo ikavumilia, kwa sababu ilikuwa inatembea. Mimi niliikimbiza ikiwa imevaa blanketi.

"Mama," nikasema, "unaifunika hata kama inafanya kazi?"

"Sasa?" Alikuwa anakunja nguo za safari. "Vumbi mingi hivi, niiache uchi? Na weye nzi zilikuwa zinakusumbua."

"Inakosa pumzi, mama. Ndiyo sababu inakufa."

Aliacha kukunja. Aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, kisha akaketi juu ya begi.

"Ni miye nilikuwa karibu kumuua ule kijana tena," akasema.

Nilimwambia si yeye, ni joto, na ni tarakimu zangu. Sijui kama alisikia.

Nikaingia kwenye ule ukurasa wa buluu, nikarudisha kila kitu kama kiwanda kilivyotaka: mwendo, volteji, vyote. Fahari yangu ilishuka pamoja na tarakimu. Mwenyekiti wa kamati akaja kuuliza habari za maua na majina.

"Hayapo," nikamwambia. "Utapikwa wimbo mmoja."

"Na sisi wengine?"

"Ninyi mnabaki hapa. Mtaimba tena."

Alinuna, akaenda zake. Alhamisi yote kompyuta ilifanya kazi uchi, kwa uvivu wake wa zamani, na mama alikaa upande mwingine wa meza akipunga hewa kwa sinia. Nilimwambia si lazima. Akaendelea kupunga.

Ijumaa asubuhi mchungaji aliwasha jenereta mapema kwa ajili yake. Mabegi yalikuwa mlangoni, mabinti wamevaa masweta katika jua lile. Nikaweka diski, nikaicheza. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, ila sauti ilitoka safi, na besi ya yule kijana ikaingia kabla ya wenzake.

"Aliisha kuingia," mama akasema. "Siku zote anaingia mbele ya benzake. Nilimusema, nikachoka."

Aliusikiliza hadi mwisho, akaomba tena. Mara hiyo ya pili wimbo ulikuwa haujafika nusu basi likapiga honi. Akasimama mwenyewe, akatoa diski kwa mkono wake, akaichomeka kwenye ile bahasha kubwa wasafiri wanayopewa, yenye picha ya eksirei ya kifua. Binti yake akamkumbusha kwamba bahasha hiyo wameambiwa wasiifungue hadi wafike.

"Haizuru," akasema. "Niliisha kumusikia."