Mstari wa Saba wa Jedwali la Mafuta

Daftari ninalo mpaka leo. Mchwa wamekula pembe za jalada, lakini kurasa za ndani ni nzima, na katika mmojawapo kuna jedwali nililolichora kwa rula na kulijaza kwa mkono wangu. Mistari sita ya kwanza ni ya kawaida. Wa saba ndio ninaotaka kukueleza. Natanguliza daftari kwa sababu najua watu wanavyozipokea habari hizi. Watasema aliota, au alikuwa amelewa. Sikuota, na pombe sinywi. Wala haukuwa usiku. Jua lilikuwa bado juu ya miti, na mimi nilikuwa kazini, penseli mkononi.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, vijiji vikiwa vipya na mapaa bado yananukia nyasi mbichi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, Mzaramo wa Kisarawe, nimepelekwa Tabora kujifunza pampu za dizeli kwa Fundi Mrisho wa Isevya. Mababu zake waliingia mji ule pamoja na misafara, wakaoa, wakafungua maduka, hawakutoka tena. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Akikufundisha jambo, alikufundisha mara moja.

Siku moja kijiji kimoja cha karibu na Usoke kilileta lori lao. Injini yake ilikuwa imekufa, nao wamepata nyingine kubwa zaidi kutoka kwenye basi lililopinduka, na pampu ya kusukumia mafuta wameitoa kwenye trekta. Tukaviunganisha vyote. Sasa fikiri: basi lina kitabu chake kinachosema injini ile ipewe mafuta kiasi gani, trekta nalo lina chake. Lakini ndoa ile ya basi na trekta haikuwa na kitabu duniani. Kitabu ilikuwa tukiandike sisi.

“Kila injini ina njaa yake,” Fundi Mrisho aliniambia. “Ukiipa kidogo, haina nguvu. Ukiizidishia, itatoa moshi mweusi, itachemka, na pistoni zitayeyuka kama mshumaa. Hii ni kazi yako. Nenda kaipime barabarani, uniletee jedwali.”

“Nikikosea, Fundi?”

“Nyingine hakuna. Mabani yao ya kukaushia yamejaa tumbaku iliyokwisha kukauka, na mvua hizo zinakuja. Ukiiua injini, utakwenda mwenyewe kijijini ukawaeleze. Mimi sitakuwapo.”

Basi tukatoka, mimi na dereva wa kijiji, Maganga, Mnyamwezi mwenye sauti kubwa na kofia ya pama. Lori lilikuwa tupu. Ndani ya kebini nilikuwa nimefunga chupa kubwa ya kioo iliyojaa dizeli, nimeichora mistari kwa msumari, na bomba lake linakwenda kwenye pampu. Kila maili nilisoma chupa imeshuka mistari mingapi, nikaandika mwendo, mafuta na rangi ya moshi. Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa. Unasoma, unaandika, ukihitaji unasimama, unafungua bonneti, unazungusha skrubu ya pampu kidogo, unaondoka tena.

“Mzaramo unaandika barua kwa nani?” Maganga aliuliza. “Mama yako hajui kusoma.”

“Namwandikia baba yako. Namwambia mwanawe anaendesha gari kama anaswaga mbuzi.”

“Hao mbuzi mngewaona wapi nyinyi, wala nazi?”

Akacheka, nami nikacheka. Unaujua utani wetu na Wanyamwezi. Tunatukanana mbele ya wakwe, na hakuna anayekasirika. Ni utani wa zamani, wa wakati wapagazi wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, wakipita kwetu.

Maili sita zilikwenda vizuri. Mistari minne ya chupa kwa kila maili, moshi hauonekani. Nilikuwa na furaha ya mtu anayeona tarakimu zake zinakubaliana. Tulipofika mahali ambapo njia ya zamani ya misafara inakatiza barabara, Maganga alisimamisha gari, akachukua debe akaenda kutafuta maji ya rejeta bondeni. Mimi nikafungua bonneti kuijaribu skrubu.

Ile njia bado ilikuwapo, nyembamba, imezama ardhini kama mfuo, inatoka kwenye miti ya miyombo upande mmoja na kuingia upande wa pili. Nyasi hazikuwa zimeota juu yake. Mtu akatokea hapo. Alikuwa mrefu, kifua wazi, amebeba kichwani mtumba mrefu wa nguo uliofungwa kwa mkeka. Miguuni amevaa njuga. Niliziona njuga kabla ya uso wake, na jambo nililolitambua baadaye ni kwamba alitembea na hazikulia.

“Nitue, ndugu yangu,” alisema.

Mikono yangu ilikuwa na mafuta, na skrubu ilikuwa nusu ya safari. Ukiiacha hapo unasahau ulipofikia. Nikamuuliza bila kuinua kichwa sawasawa, “Kabila gani wewe?”

“Mnyamwezi.”

“Basi beba, mtani! Nyinyi si mlizaliwa na mizigo kichwani? Ukiutua shingo itakuwasha. Panda huko nyuma hivyo hivyo na mzigo wako, tutakufikisha Usoke.”

Alinitazama. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu anayehesabu masafa yaliyobaki.

“Haya,” alisema. “Umesema.”

Akazunguka nyuma ya lori. Maganga aliporudi, tukatia maji, nikamwambia tuna abiria. Alichungulia kupitia kidirisha cha nyuma, akasema haoni mtu. Nikadhani amelala sakafuni. Tukaondoka.

Sasa nisikilize vizuri. Barabara pale ni tambarare. Lori lile lile, tupu, lilianza kujikokota kama limezama kwenye tope. Maganga alikanyaga mafuta mpaka mwisho, mwendo ukashuka. Nikatazama chupa: mistari tisa kwa maili moja. Nikasema moyoni, nimekosea skrubu, injini ina njaa. Nikamsimamisha, nikaongeza robo mzunguko. Ikavuta vizuri zaidi, moshi ukawa wa kijivu hafifu. Nikaandika. Huo ndio mstari wa saba.

Hapo ningeacha. Lakini nilitaka lori tupu liende kama lori tupu, basi nikaongeza nusu mzunguko mwingine. Moshi mweusi ukafunika barabara nyuma yetu. Mshale wa joto ukapanda, ukaingia kwenye alama nyekundu. Kukawa na harufu ya chuma kinachoungua.

“Zima!” nilipiga kelele. “Zima, tunaiua!”

Maganga akazima. Injini ikawa inalia tii, tii, tii kwa joto. Nilishuka nikapanda nyuma kumwambia yule mtu ashuke. Bodi lilikuwa tupu. Vumbi la asubuhi lilikuwa limetandaa sakafuni, halina unyayo hata mmoja. Nikachungulia chini: springi zilikuwa zimenyooka, kama za gari lisilo na kitu. Lakini injini haijui kudanganya. Ilikuwa imebeba.

Nilimsimulia Maganga yote, hata utani wangu. Nilitegemea acheke. Alivua kofia yake.

“Alisema nitue, nawe ukakataa?”

“Nilimtania tu.”

“Mtani akifa, nani anashika jembe kaburini?”

“Mtani.”

“Nani anawachekesha waliofiwa, anafagia uwanja, anabeba?”

“Mtani.”

“Sasa wewe umekula utani, kazi yake umeiacha. Wapagazi waliofia njiani hapa hawakuzikwa na mtu, bwana. Mzigo ulichukuliwa, mwili ukaachwa. Huyo amekuwa akimngoja mtani miaka yote hiyo, halafu anakuja kupata mpumbavu mwenye spana.”

“Mtue wewe, basi. Ni ndugu yako.”

“Ndiyo maana siwezi. Ndugu hulia. Kazi ni ya mtani. Panda.”

Nilipanda. Nilijiona mjinga, amini usiamini, hata wakati ule nilijiona mjinga, nimesimama ndani ya lori tupu katikati ya pori, nimeinua mikono hewani. Nikasema, “Mtani, samahani. Lete.”

Uzito ukanijia mikononi. Ulianza taratibu, kisha wote kwa pamoja, magoti yakakunjika. Nilisikia harufu ya nguo mpya na ya jasho la zamani. Bega langu la kulia likateguka. Niliushusha mpaka sakafuni, na ulipogusa mbao, nilisikia. Ubao ulilia. Halafu njuga zikalia, mara ya kwanza, zikashuka, zikaenda zikififia kuelekea magharibi. Maganga alizisikia pia. Alikuwa amegeuza uso, anafuta macho.

Tulingoja injini ipoe. Nikarudisha skrubu ilipokuwa mwanzo. Maganga akapiga stata, nayo ikawaka. Mistari minne kwa maili, mpaka Usoke.

Kesho yake nilimpelekea Fundi Mrisho daftari. Alipita kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye wa saba.

“Hapa ulikuwa na mzigo gani?”

“Lori lilikuwa tupu, Fundi.”

Nilidhani ataufuta. Akaweka miwani mfukoni, akaenda kwenye lori, akafunga skrubu kwa kipimo cha mstari ule ule, robo mzunguko, akaiziba kwa risasi iliyoyeyushwa ili asiiguse mtu. Wiki ile lori lilibeba marobota ya tumbaku ya kijiji kizima mpaka Urambo, likaenda na kurudi, moshi wa kijivu hafifu, mistari tisa kwa maili. Mvua ilinyesha mabani yakiwa matupu. Fundi hakuniuliza tena, nami sikumweleza. Nadhani alijua. Mababu zake walikuja kwa njia ile.

Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Kila fundi cherehani anayenipima huuliza, na kila mmoja namwambia nilianguka. Nikipita mahali pale, nazima gari, nashuka, nanawa mikono kwa mchanga na kusimama kidogo. Sijasikia kitu tena. Lakini njia ilikuwa ya watu wengi, na mimi nilimtua mmoja.

Basi nawe ukisafiri upande ule, na mtu akitokea kwenye miyombo akakuambia umtue, weka chini ulichoshika, hata kama utasahau ulipofikia. Mtue kwanza, kisha mtukane upendavyo, atacheka. Na kama umekwisha kukataa, na gari lako tupu limeanza kuwa zito, nakusihi, usiongeze mafuta.