Siku Niliyomfunga Mgonjwa kwenye Kiti

Hii sijawahi kuisimulia nyumbani Iringa, maana mama yangu pale Kihesa mpaka leo anaamini mwaka ule niliurudia kwa sababu ya malaria, lakini nyie ni wenzangu, chekeni tu.

Mnajua mimi tangu naanza udaktari nataka upasuaji tu, hizo kozi nyingine nilikuwa nazivumilia ilimradi zipite. Kilichonisaidia kuvumilia ni uzi: kipindi kikinichosha nafanya mazoezi ya mafundo ya kushonea vidonda, kwenye kifungo cha koti, kwenye mguu wa meza, kwenye mkoba wa jirani, na ndiyo maana kozi ya afya ya akili niliifeli, nikapewa mtihani wa marudio, na ukifeli na huo unarudia mwaka mzima.

Asubuhi ya mtihani, Neema, niliyepanga naye chumba Ilomba, Mbeya, akaninyang'anya uzi mlangoni. "Leo tumia masikio," akasema. Nikakubali. (Vidole havikuambiwa.)

Mtihani wenyewe, unakaa na mgonjwa nusu saa, anakueleza habari zake, halafu wewe unamweleza dokta anayetahini. Wangu alikuwa mama mmoja mfugaji wa Usangu, mpole, anaongea polepole, kajitanda shuka kwa baridi ya Mbeya, na matamvua ya shuka yananing'inia kwenye mkono wa kiti cha plastiki, hapa hapa karibu yangu. Nikasema ngoja nifunge fundo moja tu, nitulie. Yeye anaongea, mimi naitikia "ehee mama, pole mama," vidole vinaendelea, na niseme ukweli, sijawahi kufunga mafundo mazuri kama yale.

Dokta akaingia na nesi, akamwomba mama apumzike nje kidogo. Mama akainuka. Kiti nacho kikainuka.

Nesi akaangua kicheko, na mimi nikacheka, nisiwafiche. Mama hakucheka. Akavuta shuka mara moja, akayatazama mafundo, akanitazama mimi.

"Hata wewe, dokta?"

Dokta akaniuliza, tena kwa upole, "Amekuambia nini kuhusu kamba?"

Kamba gani tena? Kumbe nusu saa nzima mama wa watu alikuwa ananieleza jinsi ndugu zake walivyomfunga kamba alipougua, siku nyingi tu, kabla hajaletwa hospitali. Alama zilikuwa bado mikononi mwake, nami nilikuwa sijaziona.

Jamani, niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama. Nesi akaleta mkasi, mama akakataa shuka lake kukatwa, basi nikapiga magoti sakafuni nafungua moja moja, na fundo la upasuaji halifunguki kirahisi, ndiyo sifa yake.

"Mafundo haya umejifunza wapi?" mama akauliza.

"Ni ya upasuaji, mama. Nisamehe."

"Hao mnaowashona si mnawalaza usingizi kwanza?" akasema. "Mimi nilikuwa macho, mwanangu. Nilikuwa naongea na wewe."

Nikafeli, nikarudia mwaka. Upasuaji bado naupenda, siwadanganyi. Ila tangu siku ile mgonjwa akianza kusema naikalia mikono yangu yote miwili, na wenzangu wodini wanadhani nasikia baridi.