Jogoo wa Mtani

Watu wakiniuliza kwa nini sikwenda chuo, nawaambia nilikosa nafasi. Ni jibu fupi, halizai maswali. Jibu refu lina jogoo ndani yake, na nikilitoa watu hucheka, nami nimechoka kuchekwa kwa jambo lililonifungia mlango.

Kwetu, upande wa Mnero, kuna koo ambazo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akifiwa, ninyi ndio mnaochimba kaburi na kuteka maji, na ninyi ndio mnaowachekesha wafiwa ili msiba usiwalemee. Mnavaa nguo za marehemu, mnaiga mwendo wake, na mnachukua chochote mnachokikuta uani, iwe sufuria, baiskeli au kuku. Mwenye mali hakasiriki. Anakuja kukikomboa kwa sahani ya ubwabwa, au kwa maneno tu. Na ikiulizwa nani kachukua, mnajibu kwa sauti kubwa kwamba ni sisi, tumeiba, mtatufanya nini? Mtani anayekana wizi wake anaharibu msiba.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mtani wetu mmoja alipofiwa na mama yake. Siku ya tatu ya matanga shangazi yangu aliniita pale jikoni walipokuwa wakipika.

"We binti, humwoni jogoo wao anavyoturingia? Hebu mkamate."

Alikuwa jogoo mkubwa wa mbegu, mwekundu, mzito kuliko kuku yeyote wa kijiji kile. Nikamkamata, nikamfunga miguu kwa kipande cha kanga, nikatoka naye barabarani huku nautangaza wizi wangu. Wafiwa walicheka. Mtani mwenyewe alinirushia kandambili moja, akaniita jambazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wanawake walisema hayo ndiyo yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu amzike mama yake.

Asiyecheka alikuwa mwanawe. Alizaliwa huku lakini alikulia Dar es Salaam, na jogoo yule yeye ndiye aliyemleta, kwenye boksi, ndani ya basi, ili baba yake aanze kufuga kuku wa mbegu.

"Oya, huo ni wizi," alisema. "Mi mambo ya kishamba siyajui." Akatoa simu, akaenda kusimama pembeni. Tulidhani na yeye anatania.

Jioni ileile askari wawili walifika kwetu kwa pikipiki, wakanikuta namtupia jogoo pumba. Mmoja akauliza nani kamchukua. Nilimjibu nilivyofundishwa tangu utotoni.

"Mimi. Nimemwiba, na mngechelewa kidogo mngekuta mifupa."

Yule askari hakuwa mtu wa huku. Aliandika kila neno, akanisomea, akanipa kalamu. Shangazi alikuwa anacheka wakati natia sahihi, na mimi nilikuwa nacheka. Kwa kicheko kile sijajisamehe mpaka leo.

Kesho yake mtani alikwenda kituoni kuomba yaishe. Akaambiwa mlalamikaji ni mwanawe, si yeye, na jalada limeshafunguliwa. Mwana naye akakaza, akasema kila mtu aheshimu mali ya mwenzake. Basi wazee wa pande zote mbili wakakaa, na katika kukaa kwao akapatikana bingwa mmoja wa mambo ya mahakama, wa wale wasiokosekana kijijini, ambaye hajasoma sheria lakini amewahi kushtakiwa mara tatu.

"Mkisema ni mtoto," alimwambia baba yangu, "kesi itataka watu wa ustawi wa jamii watoke Nachingwea mjini. Tarehe juu ya tarehe. Sema binti ana kumi na nane, akubali, yaishe leoleo."

Nilikuwa na mtihani wiki ile na sikutaka kuukosa. Baba, mtu ambaye hata ufuta wake ukiwa na mchanga alikuwa anamwambia mnunuzi mwenyewe kabla hajaulizwa, alisimama mbele ya hakimu akasema nina miaka kumi na nane. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, na hakuna aliyekiuliza. Hakimu akaniuliza kama ni kweli nimeiba. Nikasema ni kweli. Nikatiwa hatiani, nikaachiwa kwa onyo na sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mzima. Tulitoka pale tukijiona washindi, na mama akapika wali.

Kubali yaishe. Sijui ni nani aliyetufundisha maneno hayo, ila ningemjua ningekwenda kumwambia kwamba yaliisha kwao tu. Shangazi yalimwishia, na yule bingwa wa sheria yalimwishia kabla hata hajamaliza chai aliyokaribishwa.

Kidato cha nne nilifaulu, biolojia na kemia hasa. Nilitaka uuguzi. Sikuwa na ule wito ambao watu huusema mbele ya wakubwa. Nilitaka kuvaa sare safi, na nilitaka mtu akisema anaumwa hapa, mimi niwe yule anayejua la kufanya. Nilikitaka kitu hicho kwa uchoyo kabisa, sikutaka kingine. Nikapanda gari kwenda Nachingwea, nikaingia kwenye duka la kuchapisha karatasi, nikachapishiwa fomu ya chuo.

Ukurasa wa tatu uliuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Niliandika ndiyo. Msidhani mimi malaika. Fomu ilitaka muhuri wa mtendaji wa kijiji, na mtendaji wetu alikuwepo msibani siku ile, alicheka kuliko wote, lakini alishaniambia kwamba muhuri wake haugongwi juu ya uongo. Chini ya swali kulikuwa na mistari mitatu ya maelezo. Jaribu wewe kueleza utani katika mistari mitatu.

Hata hivyo waliniita kwenye usaili. Walikuwa watatu mezani, na aliyeuliza zaidi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nilimweleza yote, kuanzia msiba hadi ile kandambili. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo kwenu mtu anaweza kuiba na ikawa sawa?"

"Si kuiba, mama. Ni utani."

"Lakini mahakamani ulikiri. Sasa nisaidie, mwanangu. Siku ile uliidanganya mahakama, au leo unatudanganya sisi?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia swali lile jibu, na sijalipata. Aliendelea kusema kwamba wodini kuna dawa, kuna simu za wagonjwa waliolala, na chuo kinamdhamini kila kinayempeleka huko. Mwishoni alinionea huruma, nadhani. Akasema nikileta barua ya mlalamikaji au mwenye mali, ya kuthibitisha kwamba lilikuwa jambo la kimila, watalitazama upya kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mtani wetu wakati huo alikuwa amehamia Ruangwa, ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Aliponiona tu mlangoni alifurahi.

"Jambazi wangu huyo! Fungeni makabati."

Sikumjibu kwa utani. Nikaketi juu ya ndoo ya rangi nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyokuwa unazima. Akamtuma mtu aniletee soda. Akaanza kupanga upya misumari iliyokwisha kupangwa.

"Mwanangu ndiye aliyetoa maelezo polisi," alisema. "Nikiandika kwamba ulikuwa utani, yeye atakuwa ametoa maelezo ya uongo. Na sasa hivi ameomba kazi serikalini, wanamchunguza."

"Lakini baba, wewe ulicheka. Ulinirushia kandambili."

"Nilicheka, mwanangu. Hata kesho nikiulizwa kwa mdomo nitasema nilicheka. Kwenye karatasi siwezi."

Soda ile niliiacha bila kuinywa. Nilimchukia, na nitasema hivyohivyo, nilimchukia kuliko hata mwanawe, kwa sababu mwanawe hakujua, yeye alijua. Kwenye gari la kurudi nilimfikiria baba yangu aliyesema uongo kwa ajili yangu, na huyu aliyeuficha ukweli kwa ajili ya mwanawe. Sikumsamehe, lakini sikuweza kusema kwamba simwelewi. Ijumaa ilipita. Mwaka uliofuata niliomba chuo kingine, na fomu yake nayo ilikuwa na swali lilelile. Baadaye karani mmoja wa mahakama aliniambia kwamba kama baba angetaja umri wangu wa kweli, kesi ingekwenda kama ya mtoto na pengine isingeniandama hivi. Aliniambia kwa nia njema. Sijamwambia baba.

Sasa nafanya usafi kwenye zahanati moja upande wa Narung'ombe. Nesi wetu ni binti mdogo kuliko mimi, ametoka mikoa ya juu, mchapakazi, hajui Kimwera, lugha yetu ya huku. Vikongwe wengi wanaofika hawana Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu, kwa hiyo naliweka fagio chini, nanawa mikono, naingia ndani kutafsiri.

Wiki iliyopita alikuja bibi mwenye kidonda mguuni, kidonda cha siku nyingi. Nilimtafsiria maswali yote. Ulipofika wakati wa kukisafisha, aliurudisha mguu wake nyuma, akanishika mkono, akasema kwa Kimwera kwamba anataka kufungwa kidonda na mimi, nesi anayemwelewa. Nilimwambia binti alichosema bibi. Alitabasamu, bila ubaya wowote.

"Mwambie wewe si nesi," alisema. "Mwambie unafanya usafi."

Bibi alikuwa ananitazama mdomoni, anasubiri. Nikamtafsiria.