Kigoda cha Pili cha Fundi Viatu

Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, nimekosea. Mwaka wa mvua kubwa fundi viatu alikuwa bado na miguu yake yote miwili, maana ndiye aliyenivusha mtaro nikiwa mgongoni kwake kama gunia, ananitania njia nzima. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, ule wa vumbi.

Kibanda chake kilikuwa chini ya mteremko, pale barabara inapopinda. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na binti yao wa pekee ameolewa mbali, anasikika kwa simu tu. Fundi alikuwa na ulimi mkali. Ukianza kumweleza kiatu kilivyochanika, anakukata: "Leta kiatu, maneno baki nayo." Lakini jioni, akishafunga, alikuwa akikaa tu pale nje anatazama watu wakirudi makwao.

Asubuhi moja lori la saruji lilishuka ule mteremko likipiga honi bila kupumzika. Watu wakakimbia. Fundi alikuwa ameketi, viatu vya watu vimemjaa mapajani, na kabla hajainuka kibanda kikawa kimeshamlalia. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Akiwa bado wodini, mwenye lori alikuja na wazee wawili. Akainama, akasema, "Baba, yaliyotokea hayakupangwa na mtu." Fundi akajibu mbele ya wote, "Nimesamehe." Tangu hapo yule bwana hakuonekana tena. Na sisi ndivyo tulivyo: ukishasamehe mbele ya wazee, hata kuulizia mguu wa bandia unaona haya.

Aliyekuja ni dereva. Polisi walikuwa wamemshitaki, akatozwa faini, akarudi kazini. Jumapili ya kwanza fundi alipotoka hospitali, akasimama mlangoni mwa chumba cha fundi ameinamisha kichwa, maana alikuwa mrefu mno, tulimwita Mlingoti. Mkononi ana viatu vilivyochakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ndiye mimi niliyekuwa naendesha."

Mimi niliyekuwepo nikatamani kuondoka. Fundi akavitazama vile viatu. Kisha akasema, "Leta viatu."

Ikawa kila Jumapili. Mlingoti anakuja, anavuta kigoda cha pili, wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda mpaka giza linaingia. Fundi alimwonea kwa maneno kama anavyotuonea sote. "Urefu wote huo na kingi huioni?" Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu mkewe alipofariki.

Mpwa wangu alikuwa karani kwa wakili mmoja, mama wa makamo. Siku moja nikamkokota fundi hadi kule, magongo yakimkwangua makwapa. Akasema mapema kwamba yeye ameshasamehe, asisumbuliwe mtu.

"Mzee wangu," wakili akasema, "kusamehe ni mambo ya moyo wako. Mguu ni jambo lingine. Dereva akikosea akiwa kazini, aliyemtuma naye anajibu. Na gari lile lina bima, na bima imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Tutawaandikia kwanza. Wakilipa vizuri, tumalizane nje. Wakikataa, twende mahakamani. Ila sheria ina muda wake. Ukichelewa, mlango unafungwa hata kama haki ni yako."

Wakakataa. Mwenye lori alijibu kwamba breki zilikuwa nzima, na tena mzee alishasamehe. Sasa alitakiwa mtu wa kusema kilichofanyika gereji. Unajua, mpira wa upepo wa breki ukitoboka na kipuri hakipo, mafundi huukunja wakaufunga kwa waya, tairi hilo likabaki bila breki, mengine yabebe kazi yake. Wanaliita tairi bubu. Likiwa moja tu, gari linafika. Lori lile lilikuwa na mabubu mawili, na saruji imezidi.

Fundi wa gereji alisema hakumbuki. Akabaki Mlingoti.

"Huyo simwiti," fundi viatu akaniambia tukirudi.

"Ndiye anayejua, ndugu yangu. Na mguu huupati kwa njia nyingine."

"Akisema, hapati usukani popote. Halafu Jumapili nicheze na nani, na wewe?"

Mimi drafti hainiingii.

Jumapili iliyofuata Mlingoti mwenyewe akaanza, kifuniko kiko mkononi. "Mzee, bosi ametwambia tuseme breki zilikuwa nzima."

"Basi sema hivyo, mwanangu. Cheza."

"Nilimwambia matairi mawili ni mabubu. Akasema peleka mzigo, kipuri kinakuja."

"Nimekwambia cheza."

"Mwambie wakili aniite."

Fundi aliutazama ubao. "Ukiendelea kuongea nitakula kingi yako," akasema, lakini hakula kitu.

Mahakamani wakili wa upande wa pili alimuuliza Mlingoti, "Ulijua breki hazifai?"

"Nilijua."

"Na ukaondoka na gari?"

"Niliondoka nalo. Nina watoto." Hakuangalia tulikokaa.

Fundi alishinda. Bima ililipa, akapata mguu wa bandia na chumba kisicho na ngazi, na kibanda kipya mbali na barabara. Watu walimpongeza. Jumapili ya kwanza pale kibandani alipanga vifuniko mapema, akaweka kigoda cha pili, akakaa. Mlingoti hakuja. Wala iliyofuata. Tulisikia kwamba yadi zote za malori zimemkataa, kwamba amehama na familia yake, hakuna ajuaye alikokwenda.

Mimi ndiye niliyeanza kukikalia kile kigoda. "Unacheza kama mtu anayetafuta sindano," fundi huniambia, kisha hugeuka kutazama njiani.

Basi katika kutangatanga kwangu, kila nikipita yadi ya malori, husimama getini. Huwauliza madereva, wapakiaji, hata mama anayeuza chai. Wananitazama, wanaendelea na kazi zao. Nami huuliza lile lile: yule dereva mrefu aliyesema kweli, Jumapili zake siku hizi anazimalizia kwa nani?