Pacha Aliyetulia

Mimi na kaka yangu tulizaliwa siku moja, yeye akitangulia. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa darasa la tatu pale Nyololo, dawati moja. Yeye hakutulia. Alitoka nje kwa kupitia dirishani, akajibu maswali kabla mwalimu hajayamaliza. Mimi nilikaa kimya, macho ubaoni, nisisikie neno. Kichwani nilikuwa nafuata malori ya magogo yanayopita barabarani. Kaka aliitwa mtukutu. Mimi niliitwa mzembe.

Alipovunja kioo cha pili, mwalimu mkuu aliandika barua nyumbani. Mama akampeleka hospitali Iringa, nami nikaenda kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubaki nami.

Daktari alimtazama kaka akizunguka chumba, akigusa kila kitu.

"Mama, huyu si mkorofi," alisema kwa upole. "Akili yake haitulii mahali pamoja. Msimchape. Mpeni kazi fupi fupi, moja moja."

Niliona kama ananieleza mimi.

"Daktari, hata yangu haitulii."

Akacheka. "Wewe? Mbona umekaa kama mke wa mchungaji?"

"Huyo haumwi," mama akasema. "Uvivu tu. Nikimtuma maji, ndoo anaiacha kisimani. Sijui ataolewa na nani."

Basi kaka akapewa kazi ya kugonga kengele ya shule, na fimbo zikamwisha. Zangu ziliendelea.

Aliyenisaidia ni yeye. Siku moja alinikuta nalia juu ya hesabu kumi. Akafunika ukurasa kwa karatasi, akaacha hesabu moja tu.

"Fanya hii. Nyingine hazipo."

Nikafanya. Akashusha karatasi kidogo, nikafanya ya pili, hadi zikaisha.

"Nani kakufundisha?"

"Si yule daktari? Mimi nilijua anatusema wote wawili."

Tulifanya hivyo hadi darasa la saba, nikafaulu kwa taabu, nikasomea ualimu. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilipangiwa shule moja Mbeya, karibu na Mwanjelwa. Wavulana wasiotulia niliwatambua siku ya kwanza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mpole, daftari tupu, sikumtambua hadi muhula wa pili, na nilikuwa nimeshamchapa mara mbili.

Nilimwita nikamwomba radhi. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini mwalimu, mimi ni mzembe kweli."

Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye.